Handaki, Boma na Ramani: Ushahidi wa Lugha katika Ardhi ya Uzaramo

Atafutaye mahandaki ya kale katika Kibaha na Kisarawe hukutana na neno kabla ya kukutana na udongo. Handaki limetokana na khandaq ya Kiarabu, nayo asili yake ni Kiajemi, katika mzizi wenye maana ya kuchimba. Boma halina dhana hiyo. Boma ni ngome, ni zizi la ng'ombe, na tangu utawala wa Wajerumani ni ofisi ya serikali. Hivyo mahali paitwapo Bomani yamkini hapakuchimbwa hata futi moja. Aidha, vijiji vya Wazaramo vya karne ya 19 vilivyokuwa na boma vilizungushiwa miti iliyosimikwa, na miti huoza.

Ramani za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000, walizoshiriki kuzichora Paul Sprigade na Max Moisel, humfaa anayeijua tahajia yao. Katika Kijerumani, s moja kati ya irabu husomwa z, na ss husomwa s. Ndiyo maana Uzaramo uliandikwa Usaramo, na Kisarawe ikawa Kisserawe katika maandishi ya wamisionari, irabu ya pili ikiwa imesikika vingine. Ruvu ya Kibaha ikawa Ruwu. Mtafiti anayeyasaka majina hayo kwa tahajia ya leo atayakosa, kisha atatangaza kuwa hayakuwapo!

Picha za angani nazo zina sarufi yake. Jua likiwa chini, hata tuta dogo hutupa kivuli kirefu. Wakati wa kiangazi, handaki lililofukiwa huhifadhi unyevu, na nyasi zilizo juu yake hubaki kijani ilhali za jirani zimekauka. Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi picha ya kawaida huishia kwenye majani. Huhitajika mionzi ya leza ipenyayo kati yake. Hata hivyo, si kila mfereji ni ngome. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 ilipita Pugu na Ruvu, na ujenzi wa reli huacha mitaro.

Penye maafikiano ya jina na udongo ni Bigo bya Mugenyi, nchini Uganda, ambako mitaro ina urefu wa zaidi ya kilomita 10. Bigo ni maboma. Mugenyi ni mgeni.

Kibaha na Kisarawe viwanja vinapimwa na tingatinga zinasawazisha ardhi. Majina ya vitongoji, pamoja na maana wanazozitoa wenyeji, hayana budi kukusanywa kabla mahali hapajabaki na namba ya kiwanja tu.