Mtoto, Ua na Kiazi chenye Sumu

Jina la Bulyanhulu hutajwa zaidi kwa ajili ya dhahabu, hasa tangu mgodi wake wa chini ya ardhi ulipoanza uzalishaji mwaka 2001. Mtoto wa miaka minne au mitano katika vijiji vya jirani ana hazina nyingine. Mvua za kwanza zikishanyesha, huchuma maua bustanini, mpakani mwa shamba, na ndani ya ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyatunza kwa ajili ya kiangazi. Huyaleta nyumbani yakiwa yamelegea mkononi, na mara nyingi huambiwa ayatupe. Ni hasara, kwani ameshaanza kazi ya mtaalamu wa mimea: kukusanya, kulinganisha na kuuliza jina.

Miongoni mwa mimea inayoota sehemu nyingi za Tanzania, na hata kupandwa bustanini kwa uzuri wake, umo ule ambao Linnaeus aliuita Gloriosa superba mwaka 1753. Ua lake huinama, na petali zake sita hupinda kuelekea juu mithili ya ndimi za moto. Huanza likiwa na rangi ya kijani na manjano, kisha huwa jekundu, hata mtoto akadhani amechuma maua ya aina mbili. Ncha za majani hujisokota kama uzi, na kwa hizo mmea hukwea vichaka. Stameni zake sita zimetawanyika pande zote, ilhali kijiti kinachobeba stigma kimejikunja upande mmoja kana kwamba kimevunjika.

Mmea huu wote una sumu iitwayo kolkisini, hasa katika mbegu zake nyekundu na katika viazi vyake. Sumu hiyo hushikamana na protini ambayo kwayo seli huunda nyuzi za kutenganisha kromosomu; nyuzi zisipoundwa, seli haigawanyiki. Kwa njia hiyo Blakeslee na Avery wa Marekani waliweza kuongeza maradufu kromosomu za mimea, kama walivyotangaza mwaka 1937. Matabibu nao hutumia kiasi kidogo mno kutibu jongo. Katika mwili wa mtoto aliyekula mmea huo, huumia kwanza sehemu ambazo seli zake hugawanyika upesi: utando wa utumbo, kisha uboho wa mifupa. Kutapika na kuharisha huja baada ya saa kadhaa, wakati mchezo wa asubuhi umeshasahauliwa. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea, bila kungoja dalili.

Kumkataza mtoto maua yote si kinga. Atayachuma kwa siri. Heri aonyeshwe ua hilo, aambiwe jina linalotumika kwao, azoee kunawa mikono na kutotia kinywani asichokijua.

Kiangazi kikiingia, shina hunyauka na kutoweka, na kiazi hubaki udongoni. Huko Sri Lanka watu wamekufa kwa kukila wakidhani ni kiazi cha kawaida. Usukumani, ambako viazi vitamu huliwa mno na michembe hukaushwa kwa akiba, mtoto anayechokoa masalia shambani wakati huo hana ua la kumwonya.