Utakatifu kwenye meza ya kazi



Ijumaa tunakesha, tunalia, tunanena kwa lugha hadi asubuhi. Ni vizuri. Lakini Jumatatu ndugu yuleyule anaketi kwenye meza yake ya ofisi, mtu anamletea bahasha, naye anaipokea na kuiita matabishi. Leo tunasema juu ya bahasha hiyo, na mfano wetu ni Mkatoliki. Msishtuke.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, akawa katika jumuiya ya Sant'Egidio, ambako alihudumia watoto wa barabarani. Kazi yake ilikuwa OCC, shirika la serikali linalokagua bidhaa zinazoingia nchini. Siku moja ulifika mchele ulioharibika kutoka Rwanda. Walitaka kumpa makuta ili aachilie upite. Alikataa. Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri.

Sisi hatuwaombi watakatifu waliokufa, na mafundisho yetu juu ya hilo hayabadiliki. Lakini tuangalie alichofanya mtu huyu. Hakuponya kipofu, hakuhubiri uwanjani. Alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, kwa ajili ya watu ambao wangekula mchele ule bila kumjua hata jina.

Someni Luka 3. Watoza ushuru walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi wakae naye jangwani. Aliwarudisha kwenye meza zao, wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Na Zekaria, katika sura ya 14, anaona siku ambayo hata njuga za farasi na vyungu vya kupikia vitakuwa vitakatifu kwa Bwana. Vyungu, wapendwa! Si madhabahu tu.

Hapa Lubumbashi tunakula bukari, na unga mwingi unapitia Kasumbalesa. Kati ya yule anayeukagua na sahani ya mtoto katika komine ya Kenya au Katuba, hakuna mlinzi mwingine. Huenda mkaguzi huyo anaimba katika kwaya yetu.

Na sisi wachungaji tukiri. Tumepokea mafungu ya kumi bila kuuliza yametoka wapi. Tumebariki gari jipya la ndugu ambaye mshahara wake tunaujua, tukaita baraka.

Tunajua pia kwamba anayekataa anaweza kuhamishwa au kufukuzwa, na mwenye nyumba hangoji. Kanisa lililomhubiri akatae haliwezi kumwachia mzigo huo peke yake. Basi, aliyeletewa bahasha wiki hii na anaogopa, aje Jumatano baada ya mafundisho. Tutaketi naye. Aliyepoteza kazi kwa sababu hiyo, amwambie shemasi wake, tuone habari ya kodi kabla ya mwisho wa mwezi.