Makao ya Jamaa Ndani ya Chombo Kidogo

Wasikilizaji, jamaa nzima yawezaje kukaa baharini ndani ya chombo kidogo? Nahodha Joshua Slocum wa Marekani alipoharibikiwa na merikebu yake, Aquidneck, pwani ya Brazil mwaka 1887, aliunda chombo cha urefu wa futi 35 na upana wa futi 7 na nusu ili awarudishe kwao mkewe Hettie na wanawe wawili. Matanga aliyashona Hettie. Kilishushwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku watumwa wa Brazil walipopewa uhuru. Ndiyo sababu kikaitwa Liberdade, yaani Uhuru.

Katika chombo cha namna hii, vitu vizito kama maji ya kunywa huwekwa chini, katikati, karibu na mkuku, kisije kikapinduka. Jiko nalo hufaa kuwa karibu na katikati, maana omo hurushwa zaidi na mawimbi. Vitanda huwa vyembamba, navyo hutiwa kizuizi ubavuni, mtoto asianguke chombo kilalapo upande. Tena kila kamba ina mahali pake, kwani usiku wa dhoruba hapana nafasi ya kutafuta.

Kabla ya mwaka ule kwisha, wote wanne walifika Washington salama.