Mzazi Mgeni Katika Shule ya Wenyewe

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Methali hii tumeifunza darasani tangu tukiwa wadogo, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuwa huyo kuku mweupe wenyewe. Mimi nimekuwa, na wazazi wangu wamekuwa zaidi yangu.

Wasomaji wapendwa, katika kurasa hizi nataka kueleza yanayompata mzazi anayehamia nchi nyingine na watoto wake, akawa hana budi kuwapeleka katika shule asizozijua mwanzo wala mwisho. Nitatumia mfano wa nyumbani kwetu. Wazazi wangu walitoka Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, wakaja Nairobi mwishoni mwa mwaka wa 2017 kufanya biashara ya vitenge. Wengi wenu mnajua kwamba natoka huko, maana mlinicheka vya kutosha tulipoingia kidato cha kwanza. Hayo yamepita.

Kwanza tuelewe kwamba mzazi anapohama habebi nguo na sufuria peke yake. Hubeba pia ile shule aliyosoma yeye, na hudhani shule zote duniani ziko hivyo. Basi shule ya baba yangu ilikuwaje?

Kule Congo shule ya msingi ni miaka sita. Mwaka wa masomo huanza Septemba, si Januari kama hapa. Lugha rasmi ni Kifaransa, na ndiyo ya kufundishia kwa kiasi kikubwa, ingawa kuna lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Lingala, Tshiluba na Kiswahili. Sisi wa mashariki yetu ni Kiswahili. Alama huhesabiwa kwa asilimia, na anayefikisha hamsini amepita. Enzi za baba, sekondari ilikuwa miaka sita: miwili ya mwanzo wote walisoma pamoja, kisha kila mmoja akachagua mkondo wake, kama ualimu, biashara au sayansi, akakaa humo miaka minne hadi mtihani wa mwisho wa serikali. Baba alisoma mkondo wa biashara.

Jambo lingine ni pesa. Mshahara wa walimu kutoka serikalini ulikuwa mdogo na mara nyingine haukufika kabisa. Kwa hivyo wazazi walichanga pesa za kumwongezea mwalimu, hata katika shule ya msingi. Pesa hizo huitwa “prime”. Serikali ya huko ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo mwezi wa Septemba 2019, sisi tukiwa tumekwisha kuondoka. Lishike hilo, maana ndilo lililotuponza siku ya kwanza kabisa.

Ilikuwa Januari 2018. Mimi nilikuwa na miaka minane na mdogo wangu saba. Baba alivaa koti, akatushika mikono, tukaenda shule moja ya msingi karibu na mtaa wetu. Ofisini mwa mwalimu mkuu baba alisalimu kwa heshima, akatoa bahasha mfukoni na kuiweka mezani. Kwa mawazo yake alikuwa mzazi mwema anayelipa prime mapema kabla ya kuulizwa. Kwa mawazo ya mwalimu mkuu, hapa pana mtu mgeni anayetaka kumhonga mchana kweupe! Uso ulimbadilika. Aliisukuma bahasha kwa kalamu kana kwamba ina nge ndani, akamwambia baba kwamba shule za msingi za serikali hapa Kenya hazitozi karo tangu mwaka wa 2003. Baba hakuelewa kosa lake ni lipi. Alielewa tu kwamba amekosea, na tangu hapo akaamua kunyamaza.

Kunyamaza huko ndiko kulikoharibu mambo. Mwalimu mkuu alituuliza maneno kwa Kiingereza, tukamkodolea macho. Akasema sote wawili tuanze darasa la kwanza. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza darasa la tatu Bukavu, na mdogo wangu la pili. Najua baba aliumia, lakini alisema “aksanti, mwalimu”, tukaondoka. Kwetu mzazi habishani na mwalimu. Mwalimu akishasema, amesema.

Jioni jirani yetu, mama mmoja Mkamba, aliposikia habari hiyo alishika kiuno. “Baba, hapa ukinyamaza mtoto anapotea,” alisema. “Rudi ukaulize. Kuuliza si matusi.” Akamweleza kwamba shule haijui mtoto alisoma nini huko alikotoka mpaka mzazi aonyeshe. Kesho yake wakaenda wawili, baba na zile ripoti zetu za Kifaransa, jirani na Kiingereza chake. Baba aliomba jambo moja tu: tupewe mtihani wa hesabu, kwa sababu tarakimu hazina Kifaransa wala Kiingereza. Nilifanya hesabu kumi nikapata tisa. Mwalimu mkuu alicheka kwa mara ya kwanza, akaniweka darasa la tatu kwa majaribio ya muhula mmoja, na mdogo wangu la pili. Simlaumu mwalimu yule. Naye alikuwa akiona kuku mweupe tu.

Karatasi nazo zilikuwa shughuli. Mtoto wa kigeni hutakiwa awe na pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Shule nayo ilitaka nambari ya cheti cha kuzaliwa ili ituingize katika NEMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kusajili wanafunzi ulioanza mwaka wa 2017. Vyeti vyetu vilikuwa vya Kifaransa, ikabidi vitafsiriwe na kupigwa mihuri. Baba alifunga duka siku nne kwa ajili ya karatasi hizo. Mzazi anayehama na watoto na atafute vyeti kabla ya kupanda basi, asingoje kufika.

Muhula wa kwanza ulipoisha nilileta ripoti nyumbani. Nilikuwa na alama 287 kwa 500, nafasi ya 31 kati ya wanafunzi 58. Baba alichukua kalamu akapiga hesabu: asilimia hamsini na saba. Amepita! Tukanunuliwa soda na mandazi, tukasherehekea. Jirani alipoitazama ripoti ile alisema, “Pole.” Baba alishangaa: mtu hupewaje pole kwa kupita? Ndipo alipoelezwa kwamba hapa watu hawatazami hamsini. Hutazama nafasi, na macho yote yako kwenye ule mtihani wa darasa la nane.

Na somo lililoniangusha zaidi, msicheke, lilikuwa Kiswahili. Mimi niliyeota meno nikizungumza Kiswahili nilipata 38! Katika insha niliandika “batoto” badala ya watoto, na “ninaenda ku masomo” badala ya ninaenda shuleni. Karatasi ilirudi nyekundu kama nyanya. Mama alilia akidhani mwalimu ananionea, kwani nyumbani ndivyo tunavyosema. Ni mwalimu wa darasa la tano aliyeniambia kwamba Kiswahili changu hakikuwa kibovu, kilikuwa cha kwingine, na kwamba mtihani unataka Kiswahili sanifu. Neno hilo moja lilinipa moyo, na ndiyo sababu mnaniona katika chama hiki.

Sasa niungame dhambi. Wazazi wasiojua lugha ya shule huwatumia watoto wao kama wakalimani, na mkalimani huyo ana maslahi yake. Kwenye ripoti moja mwalimu aliandika kwa Kiingereza kwamba mimi ni mtu wa michezo darasani na ninaweza kufanya vyema zaidi. Nikamfasiria baba: “Mwalimu anasema napenda michezo na ninafanya vyema zaidi.” Baba akanipa shilingi ishirini. Mchezo huo niliucheza mwaka mzima, hadi siku ya wazazi, jirani yule alipoketi kati yetu akasoma kwa sauti. Yaliyofuata nyumbani si ya kuandikwa hapa. Lakini jambo lililobaki kichwani ni sura ya baba. Hakukasirika kwa sababu nilicheza darasani. Alikasirika kwa sababu alikuwa kipofu na mimi ndiye niliyekuwa fimbo yake.

Baada ya hapo alianza kwenda shuleni mwenyewe na kuuliza kwa Kiswahili chake hivyo hivyo. Wakati mwingine lugha ilimchezea. Aliponileta kidato cha kwanza mwaka wa 2024 alimwambia soja wa lango kwamba anataka kuonana na “prefe”, maana kwao mkuu wa shule ya sekondari huitwa hivyo. Soja akamletea prifekti, kijana wa kidato cha tatu mwenye tai, na baba akamwinamia kumwamkua! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipodhani ameielewa Kenya, Kenya ikabadilika. Mimi nilikuwa katika kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4. Mdogo wangu, aliyenifuata kwa darasa moja tu, aliingia gredi ya tatu mwaka wa 2019, yaani kundi la mbele la mtaala wa umilisi. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na mifumo mitatu: ule wa Congo kichwani mwa baba, wangu na wa mdogo wangu. Mimi nilileta alama na nafasi hadi KCPE ya mwisho mwaka wa 2023. Yeye alileta karatasi inayosema amefikia matarajio, au anakaribia matarajio. “Matarajio ya nani?” baba aliuliza. Usiku mmoja tulimkuta akishona sanamu ya kutisha ndege kwa vipande vya vitenge, ati ni kazi ya nyumbani. Nadhani hakuna sanamu iliyowahi kupendeza namna ile Nairobi nzima.

Lakini safari hii hakuwa mgeni peke yake. Mwaka jana, 2025, wazazi wa gredi ya tisa waliitwa shuleni kwa mdogo wangu kuelezwa habari za gredi ya kumi. Walielezwa kwamba mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na sayansi ya michezo. Mtoto achague mkondo, kisha achague shule 12. Nilikuwapo, nimekwenda kama mkalimani kwa mazoea ya zamani. Niliwaona wazazi Wakenya, waliozaliwa na kusoma hapa, wakitazamana kama sisi tulivyotazamana ofisini mwaka ule wa 2018. Mzee mmoja aliuliza mtoto akikosea kuchagua itakuwaje. Kimya.

Ndipo baba akasimama. Nilimvuta koti, wapi! Akasema kwa Kiswahili chetu kwamba kwao jambo hili ni la zamani. Akawaeleza kwamba wasitazame jumla ya alama. Watazame somo moja moja kwa miaka mitatu, waone mtoto anapopanda na anaposhuka. Wasichague mkondo kwa sababu jina lake ni kubwa, na waulize kila shule kama ina walimu wa mkondo huo kweli. Kisha akasema jambo ambalo hata mimi sikulijua: yeye alipenda kuwa mfamasia, lakini baba yake ndiye aliyemchagulia biashara. “Mutoto haiko kitenge,” alimalizia, “eti utamukata vile unapenda.” Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Wazazi watatu walimfuata mlangoni kumwuliza zaidi.

Nyumbani vita havikuisha. Mama alitaka sayansi, mdogo wangu alitaka sanaa kwa kuwa huchora tangu alfajiri hadi usiku. Baba alitandaza ripoti zote mezani akamwambia mama asome mwenyewe. Leo mdogo wangu yuko gredi ya kumi katika sanaa, na hupanda matatu mbili kwenda shule kwa sababu ya karibu haina mkondo huo. Kama tulichagua vyema, miaka itasema.

Basi tujifunze nini? Kwa wazazi wageni: ulizeni, hata kwa lugha ya kuvunjika. Heshima si kunyamaza, na msimfanye mtoto mkalimani wa ripoti yake mwenyewe. Kwa walimu wetu wapendwa: mzazi asiyefika au asiyesema si lazima awe hajali, huenda anaogopa kukosea mara ya pili. Siku ya kwanza mwelezeni bila kungoja swali: mwaka unaanza lini, alama zina maana gani, nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. Na kwetu wanafunzi: ukimwona mzazi langoni anauliza “prefe” yuko wapi, usicheke. Mpeleke ofisini.

Nami huyo nikimkuta ni baba yangu, nitamsindikiza mwenyewe bila kutamani ardhi ipasuke. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.