Sura ya Tano: Utiifu wa Miezi Sita

Balambala iko ukingoni mwa mto Tana, upande wa juu ukitoka mji wa Garissa. Wakazi wengi ni Wasomali na ni Waislamu: wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na karibu na maji wapo wanaolima kwa pampu. Mkristo unayemkuta huko mara nyingi amefika kwa barua ya serikali. Ni mwalimu aliyepangiwa na tume ya kuajiri walimu, TSC, muuguzi wa zahanati au askari polisi. Kaskazini Mashariki mtu anayesafiri kwenda Nairobi bado husikika akisema anaenda Kenya, na mgeni wa kutoka Kitui au Kisii huelewa upesi kwamba yeye ndiye aliyetoka huko Kenya.

Nimeichagua Balambala kwa sababu ni mahali panapomvua Mkristo mapambo. Kwao alikuwa na kwaya, jumuiya, ushirika wa katikati ya wiki na harambee ya kununua spika. Hapa ibada ya Jumapili inaweza kuwa watu wachache katika chumba cha kupanga, wakiimba kwa sauti ya chini. Sokoni hahubiri, na darasani hana ruhusa ya kuwavizia watoto wa watu kwa dini yake. Basi imani yake itaonekana wapi? Itaonekana Jumatatu asubuhi, kazini.

Maandiko yana kisa kinachofaa hapa, kile cha Naamani, jemadari wa Shamu aliyeugua ukoma, katika Wafalme wa Pili sura ya 5. Elisha hakutoka hata nje kumlaki. Alimtumia mjumbe amwambie aende akajichovye mara saba katika Yordani. Naamani alikasirika, kwa maana alitarajia jambo kubwa, na kwao ilikuwako mito mizuri zaidi. Watumishi wake ndio waliomrudi kwa upole: kama angeagizwa jambo gumu angelifanya, sasa mbona hili dogo linamshinda? Wengi wetu tuna ugonjwa wa jemadari huyo. Tuko tayari kufa kwa ajili ya Kristo, ila kufika kazini saa moja na nusu hatuwezi.

Mchukue mwalimu. Ofisi ya elimu iko mbali, barabara mvua ikinyesha haipitiki, na mkaguzi haji kila wiki. Mwalimu akipanda gari Alhamisi kwenda Garissa kuchukua mshahara na kurudi Jumanne, nani atajua? Posho ya mazingira magumu itaingia vilevile. Wanaojua ni watoto, na kitabu cha mahudhurio kilichojazwa siku ambazo hakuwapo. Huyo mwalimu anaweza kufunga na kuomba usiku kucha. Kwangu mimi, hajaanza kutii.

Kuna pia utiifu wa jikoni. Mwezi wa Ramadhani hakuna sheria inayomkataza Mkristo kunywa chai barazani saa nne asubuhi. Anainywa ndani, kwa heshima ya jirani aliyefunga. Akinunua mbuzi wa Krismasi humwomba jirani Mwislamu amchinje, ili waliomzunguka nao waweze kula. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya nyama na dhamiri ya mwenzako, na sijaona mahali ambapo somo lile linaeleweka haraka kama mbele ya sufuria ya pilau Garissa.

Sasa tumwangalie mtu aliyeishi hivi kwa miaka mingi katika eneo hilohilo la Kaskazini Mashariki. Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria, akaja Kenya mwaka 1969. Alifundisha kwanza, kisha akakaa Wajir. Alikuwa Mkatoliki lakini si mtawa. Hakuwa na shirika la kitawa nyuma yake wala mshahara wa umisionari. Wenyeji walimwona mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto, anayehudumia watoto waliopooza na watu wanaokohoa damu.

Kifua kikuu kilikuwa janga la wafugaji. Tiba ya siku zile ilikuwa ndefu, na mfugaji hawezi kulala wodini mwaka mzima wakati ngamia wake wanahamia malisho. Akipata nafuu kidogo anaondoka, dawa anaziacha njiani, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Mwaka 1976 Tonelli alipewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu wa kuhamahama. Alifanya jambo jepesi kulieleza: aliwakaribisha wagonjwa wapige kambi mbele ya kituo chake, kwa vibanda walivyozoea, pamoja na ndugu zao. Kila siku alihakikisha kila mgonjwa amemeza vidonge mbele ya macho yake au ya wenzake. Miezi sita. Kisha mtu anarudi kwa mifugo yake akiwa mzima. Kumeza dawa chini ya uangalizi namna hiyo ni nguzo mojawapo ya mpango wa DOTS, ambao Shirika hilo liliueneza duniani katika miaka ya 1990.

Hebu tulia kidogo na hesabu yake. Miezi sita ni siku kama 180, na mgonjwa mmoja akiruka siku kadhaa kazi imeharibika. Hakuna siku hata moja kati ya hizo inayofaa kupigwa picha. Siku ya 97 inafanana na ya 96. Hapo ndipo, nadhani, watu wengi wenye moyo mwema huchoka, kwa sababu tulifundishwa kwamba Mungu yuko katika siku ya kwanza na ya mwisho.

Mazoea hayo ya kila siku ndiyo yaliyomwandaa Tonelli kwa Februari 1984. Vikosi vya usalama vilikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakazuiliwa juani bila maji, wengi wakauawa. Tonelli alikwenda kuokota majeruhi na maiti, na habari zikatoka nje. Mwaka uliofuata serikali ilimfukuza nchini. Aliendelea Somalia, mwishowe Borama, akiwa na hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Nansen ya wakimbizi, na tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi. Makanisani watu husimulia risasi. Vidonge havisimuliwi, na huo ni upotofu.

Msomaji asije akadhani utiifu ni mali ya Wakristo peke yao. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Baadaye viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watayalinda makanisa. Desemba 2015 washambuliaji walisimamisha basi karibu na El Wak, wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alijeruhiwa na akafariki Januari 2016. Mkristo anayepangiwa kule anaingia deni kabla hajafungua sanduku lake.

Wala utiifu si ujinga wa kujitupa motoni. Baada ya mauaji ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, na ya walimu watatu Kamuthe Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka au waliondolewa na TSC. Aliyeondoka kuwalinda wanawe hakuasi, na mchungaji anayemhukumu kutoka mimbarini Nairobi angeanza yeye kuomba uhamisho. Lakini shule zilibaki na madarasa bila walimu, na watoto wa wafugaji ndio walioilipia ile hofu.

Kwa hiyo wewe uliye Balambala, Saka au Danyere muhula huu, usingoje kuitwa kwenye jambo kubwa. Ingia darasani kwa wakati, sahihisha madaftari yote, jaza kitabu cha mahudhurio kwa kweli. Kesho rudia.