Plagi ya Kiwandani: Lini Ibadilishwe, na Ibadilishwe Vipi, katika Jenereta na Pampu Ndogo

Kiangazi kinapoingia, pampu ndogo za petroli hutolewa stoo na kurudishwa kando ya mito na mabwawa. Umeme unapokatika, jenereta huwashwa madukani, saluni, katika mabanda ya kutotolea vifaranga na katika baadhi ya zahanati. Mashine zote hizo hutegemea kifaa kimoja kinachoenea kiganjani, nacho kikigoma, kazi yote husimama. Mkulima ambaye nyanya zake zimeanza kutoa maua hawezi kungoja siku nne mpaka fundi apatikane, kwa maana maua yakikosa maji katika jua kali hupukutika, na mavuno hupungua kabla hata tenga la kwanza halijajazwa.

Swali linaloulizwa mara nyingi na wanunuzi wa mashine mpya ni iwapo plagi iliyotoka nayo kiwandani yafaa kutolewa mara moja. Mafundi wengi husema itolewe siku hiyohiyo, ilhali wauzaji husema isiguswe kwa kuwa mashine ina waranti. Plagi haiwi mbovu kwa sababu tu imetoka kiwandani. Katika mashine za bei nafuu, hata hivyo, plagi huwa miongoni mwa vitu vinavyobanwa ili bei ishuke, na mara nyingi nafasi ya cheche haikupimwa kabla ya mashine kufungwa katika boksi. Kwa hiyo linalofaa ni kuifungua plagi hiyo mapema, kuikagua na kuipima, na kununua nyingine iliyo bora kabla mashine haijaanza kutegemewa. Ile ya kwanza, ikiwa nzima, itunzwe kama akiba. Kuhusu waranti, vitabu vya maelekezo vya mashine hizi huitaja plagi katika orodha ya vitu ambavyo mtumiaji mwenyewe hutakiwa kukagua na kubadilisha; ni vyema kitabu hicho kisomwe kabla hakijapotea.

Ugumu huanzia dukani, mbele ya kaunta, kwa sababu plagi nyingi hufanana kwa macho. Mfano mzuri ni injini ya Honda GX160 ya mipigo minne, ambayo muundo wake umeigwa na viwanda vingi vya pampu na jenereta za kilowati 2 hivi. Plagi inayotajwa kwa injini hiyo ni NGK BPR6ES. Mashine za kuiga muundo huo huja aghalabu na plagi iliyoandikwa F7TC au F7RTC. Herufi hizo zina maana. Katika alama ya NGK, B huonyesha kuwa hesi ina kipenyo cha milimita 14, na E kuwa urefu wa hesi ni milimita 19. Plagi yenye H mahali pa E, kama BPR6HS, ina hesi ya milimita 12.7 tu. Itaingia katika tundu lilelile bila kipingamizi, lakini haitafika chumba cha moto inavyopasa, na hesi zitakazobaki wazi ndani zitajaa masizi. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi, kwa kuwa plagi ndefu katika injini ya plagi fupi yaweza kugongwa na pistoni mara ya kwanza kamba inapovutwa. Misumeno ya minyororo na mashine za mgongoni za kunyunyizia dawa nyingi hutumia plagi fupi, kwa hiyo haifai kuchukua plagi ya pampu na kuitia humo ati kwa kuwa imekubali kuingia.

Herufi R humaanisha kuwa ndani ya plagi kuna kizuizi kinachopunguza mawimbi ya umeme yanayosumbua redio na vifaa vingine vya elektroniki. Ikiwa plagi ya awali ilikuwa na R, mbadala wake nao uwe na R. Namba 6, nayo, ni kipimo cha joto, yaani uwezo wa plagi kuondoa joto katika ncha yake. Hapa wengi hupotea, kwa sababu kampuni hazikukubaliana juu ya namba hizo. Kwa NGK, namba inavyokuwa kubwa ndivyo plagi inavyokuwa baridi zaidi. Kwa Champion, namba kubwa ni plagi ya joto zaidi. Namba haiwezi kuhamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine kwa kubahatisha. Aliye na shaka aende dukani na plagi ya zamani mkononi, pamoja na jina la injini lililoandikwa kwenye kibati chake.

Plagi za bandia nazo zipo sokoni. Maandishi yanayofutika kwa ukucha, ncha ya katikati iliyokaa upande, hesi zenye makwaruzo na washa inayochomoka kirahisi ni dalili za kutosha kuirudisha plagi kaunta. Mnunuzi adai risiti ya EFD, kwani bila hiyo malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani hayatakuwa na pa kushikia.

Kazi yenyewe ya kubadilisha haichukui robo saa, ila ina mahali pawili pa hatari. Injini izimwe na iachwe ipoe kabisa, maana kichwa chake ni cha alumini na hesi zake hung'oka kwa urahisi zikiwa na moto. Kofia ya plagi ivutwe kwa kushika kofia yenyewe, wala si waya. Mchanga unaozunguka plagi usafishwe kwa brashi kabla ya kufungua. Punje ikidondokea ndani hukwaruza silinda.

Plagi iliyotoka hueleza hali ya injini. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya afya. Masizi makavu meusi huelekeza kwenye chujio la hewa lililoziba au choki iliyosahauliwa. Ikiwa imelowa oili katika injini ya mipigo minne, huenda ringi zimechoka, na plagi mpya haitatibu ugonjwa huo. Kauri ikiwa nyeupe yenye vidonda, injini inachemka kupita kiasi.

Plagi mpya ipimwe nafasi kabla ya kufungwa. Kwa GX160 nafasi ni milimita 0.7 hadi 0.8, na geji ya kupimia ni kifaa cha bei ndogo. Wapo wanaotumia kipande cha msumeno wa chuma, lakini unene wake kwa kawaida haufiki 0.7. Kisha plagi iingizwe kwa vidole peke yake mpaka ikae. Ikikataa, itolewe na kuanzwa upya, isilazimishwe kwa spana. Ikishakaa, plagi mpya huongezwa nusu mzunguko kwa spana, na iliyokwisha tumika huongezwa kati ya sehemu moja ya nane na robo ya mzunguko. Kukaza kwa nguvu zote ndiko kunakoua hesi, na kutengeneza hesi zilizokufa hugharimu mara nyingi zaidi ya bei ya plagi.

Mashine ikigoma hata baada ya hapo, kiangaliwe kiwango cha oili. Injini nyingi za aina hii zina kihisio kinachokata cheche oili inapopungua, na pampu iliyosimamishwa kwenye mteremko wa kingo za mto yaweza kuzimwa na kihisio hicho hata oili ikiwapo. Jaribio la kuangalia cheche kwa kugusisha plagi kwenye injini lifanywe na fundi, bomba la petroli likiwa limefungwa, kwa kuwa mvuke unaotoka tunduni hushika moto. Na jenereta isijaribiwe ndani ya chumba au duka, hata kwa dakika chache. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua.

Kitabu cha GX160 huelekeza plagi ikaguliwe kila saa 100 au miezi 6, na ibadilishwe kila saa 300 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Kwa jenereta ya duka inayowashwa mara mojamoja, mwaka ndio hutangulia. Pampu ya kikundi inayofanya kazi saa 6 kwa siku humaliza saa 300 kwa siku 50, ndani ya kiangazi kimoja. Vikundi vya umwagiliaji vinashauriwa kuweka daftari katika banda la pampu, kila anayewasha aandike saa ya kuanza na ya kuzima, na spana ya plagi ining'inizwe palepale.