Gonga Tailizi, Usikilize

Likizo iliyopita wenzangu walifundisha tuisheni, mimi nikawa kibarua wa mjomba. Yeye ni fundi tailizi, na ada yangu ilitegemea kazi moja tu: sebule ya mama mmoja aliyenunua tailizi kubwa za poseleni, sentimita 60 kwa 120. Wiki mbili baada ya kumaliza, wakaingiza friji. Tailizi moja ikapasuka. Mjomba akachukua mpini wa nyundo akagonga zilizobaki moja moja, nyingi zikalia kama debe tupu. Kumi na moja tulizing'oa na kurudia kwa hela yetu.

Chini yake tulikuta mabonge matano ya saruji, pembeni manne na katikati moja. Kwingine hewa tupu. Uzito wa friji ukiangukia penye hewa, tailizi haina pa kuegemea. (Gonga sakafu ya chumba ulichopanga, utashangaa.)

Kumbe makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni kutumia uji wa saruji. Kigae cha kawaida kina vitundu vinavyonyonya ule uji, ukikauka unashika. Poseleni hunyonya maji chini ya asilimia 0.5, kwa hiyo saruji tupu inakauka ikiwa imeigusa tu. Inahitajika gundi ya tailizi, yaani saruji iliyochanganywa na polima. Soma mfuko: C1 ni ya kawaida, C2 lazima ishike angalau mara mbili yake. Kwa tailizi kubwa chukua C2. Ukiona herufi E, gundi inachelewa kukauka juu, unapata muda zaidi wa kuweka tailizi baada ya kuitandaza. T haiteremki ukutani. Panapopigwa jua, kama baraza la nje, tafuta pia S1, inayokubali kujikunja kidogo.

La pili ni mwiko. Mjomba alikuwa na wa meno ya milimita 6, mzuri kwa tailizi ndogo. Meno ndiyo yanayopima gundi: tailizi ikikandamizwa, matuta hubaki karibu nusu ya urefu wake. Kwa saizi ile unataka meno ya mraba ya milimita 12. Chana gundi kwa mistari iliyonyooka, ielekee upande mfupi wa tailizi ili hewa itoke upesi. Wanaochora miduara wanaifungia hewa ndani. Pia paka gundi nyembamba mgongoni mwa tailizi, ukishaiweka isukume mbele na nyuma kukatiza mistari.

Halafu inyanyue. Ndiyo, ya kwanza uliyoweka, igeuze uangalie. Ndani pakavu gundi ienee angalau asilimia 80, bafuni na nje 95. Nilimwambia mjomba kwamba sisi wa ualimu tunaiita tathmini endelezi, husubiri mtihani wa mwisho ndipo ujue mwanafunzi hakuelewa. Akacheka: "Haya mwalimu, inyanyue wewe, ina kilo zake."

Ubaya ni bei. Kwa meno ya 12, mfuko wa kilo 20 unaishia kama mita 4 za mraba, na mwenye nyumba anaona fundi anamwibia. Siku hizi mjomba anamgongea mteja tailizi mbili, iliyoshiba gundi na yenye mabonge, kabla hajataja hesabu.

Mimi nilirudi chuo na deni la ada. Mwiko wa 12 tulioununua ulibaki kwake.